Jinsi ya Kuwa Mpelelezi Mwandamizi wa Uhalifu wa Kodi, Ukianzia Mombasa

Vijana wanaokuja kuniuliza namna ya kuingia katika upelelezi wa uhalifu wa kodi huwa wamejaza vichwani mwao picha za maghala yanayovamiwa usiku na magari yanayopiga ving'ora. Sitasema mambo hayo hayapo, lakini sehemu kubwa ya miaka yangu serikalini niliipitisha mezani, mbele ya masanduku ya karatasi, nikilinganisha hati moja na nyingine mpaka zianze kupingana. Mpelelezi wa kodi hapimwi kwa idadi ya watu aliowakamata, bali kwa majalada ambayo hakimu asiyesomea uhasibu anaweza kuyafungua, akayaelewa, na asipate upenyo wa shaka. Kila hatua ninayoieleza hapa inaelekea kwenye jalada hilo.

Ijue kazi kabla ya kuiomba

Watu wengi huchanganya mkaguzi wa kodi na mpelelezi wa kodi, na hata ndani ya ofisi mchanganyiko huo huwa unaleta hasara. Mkaguzi anatafuta kiasi sahihi cha kodi. Akikuta upungufu, anatoa tathmini, yaani hesabu ya kodi inayodaiwa, na mlipakodi asiyeridhika ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi, kisha anaweza kwenda katika Baraza la Rufaa za Kodi. Huko mzigo wa kuthibitisha kwamba tathmini ina makosa uko mabegani mwa mlipakodi mwenyewe. Mpelelezi anasimama upande wa pili wa mlango huo: anatafuta kosa la jinai, mzigo wote wa ushahidi ni wa upande wa mashtaka, na kiwango kinachotakiwa ni kuthibitisha pasipo shaka yoyote ya maana. Hesabu ileile iliyotosha kushinda katika Baraza inaweza kuanguka kortini kwa sababu haikuonyesha kwamba mtu alikusudia.

Neno hilo, kukusudia, ndilo roho ya kazi. Mtu anayepanga biashara yake ili alipe kodi ndogo kwa njia ambazo sheria yenyewe imeziacha wazi anaepuka kodi, na huyo si mhalifu hata kama anakuudhi. Mtu anayeficha mauzo, anayeweka vitabu viwili vya hesabu au anayetumia ankara za bidhaa ambazo hazikuwahi kuwepo anakwepa kodi. Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka 2015 inalishughulikia jambo hili katika kifungu cha 97, na kifungu cha 104 kinaweka adhabu ya faini isiyozidi Sh milioni 10 au mara mbili ya kodi iliyokwepwa, kiasi kilicho kikubwa zaidi, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Tofauti nyingine yenye uzito ni ya muda: tathmini ya kawaida inarudi nyuma miaka 5, lakini panapokuwa na udanganyifu hakuna ukomo huo.

Masomo na mlango wa kuingilia

Mwajiri wako mkuu atakuwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, iliyoanza kazi Julai 1995. Shahada zinazofaa ni uhasibu, sheria, uchumi, takwimu na teknolojia ya habari. Kwa maoni yangu, mwanasheria asiyeweza kusoma mizania na mhasibu asiyejua ushahidi ni nini wote wawili wanapiga kasia upande mmoja, na chombo chao kitazunguka palepale. Kwa hiyo ukiwa na shahada ya sheria, jiandikishe kwa mitihani ya uhasibu ya CPA inayosimamiwa na bodi ya KASNEB; ukiwa mhasibu, isome Sheria ya Ushahidi, sura ya 80, mpaka ikuchoshe. Chuo cha mamlaka yenyewe, KESRA, kina tawi hapa Mombasa, na kozi zake za kodi na forodha ni msingi mzuri kwa aliyetoka chuo kikuu akiwa na nadharia tupu.

Unapoomba kazi ya umma, weka tayari nyaraka tano ambazo watu huziita za Sura ya Sita, yaani sura ya Katiba inayohusu uongozi na uadilifu: cheti cha kulipa kodi kutoka KRA, cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai, idhini ya Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, idhini ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na ripoti ya mikopo kutoka kwa shirika la kumbukumbu za wakopaji. Nimeona kijana hodari akibaki nje kwa sababu ya mkopo mdogo wa simu alioupuuza tangu chuoni. Atakayechunguza madeni ya wengine huanza kwa kuchunguzwa yake.

Usitarajie kupelekwa moja kwa moja kwenye upelelezi, na ukipelekwa, sikitika kidogo. Miaka mitatu au minne katika ukaguzi au forodha itakufundisha jinsi biashara halali inavyoonekana kwenye karatasi, na asiyeijua halali hataitambua haramu. Hapa ndipo Mombasa inapokupa faida ambayo mwenzako wa bara hana, kwa maana bandari ya Kilindini ni darasa lisilofungwa.

Soma hati mpaka zigombane

Kontena moja linalopita Kilindini huacha nyuma yake msururu wa maandishi: ankara ya muuzaji wa ng'ambo, hati ya shehena, orodha ya vifurushi, manifesti ya meli, tamko la forodha, kibali cha kutolea mzigo bandarini, na kwa mizigo inayopanda bara kwa lori, kumbukumbu ya mizani ya Mariakani. Kila hati imeandikwa na mtu tofauti, kwa sababu tofauti. Nahodha anajali uzito kwa sababu ya usalama wa meli, bima inajali thamani, na mwenye lori anajali faini ya kuzidisha uzito. Mdanganyifu anaweza kuzipatanisha hati mbili au tatu, lakini ni nadra kuzipatanisha zote, kwa kuwa nyingine hata hajui kwamba zipo.

Chukua mfano wa kontena lililotangazwa kuwa na tani 9 za vitambaa vya bei ya chini. Thamani inayotozwa ushuru inajumuisha bei ya mzigo, bima na nauli hadi bandarini, na ushuru wa forodha wa pamoja wa Afrika Mashariki una viwango vya asilimia 0, 10, 25 na 35, pamoja na bidhaa chache zenye viwango vyake maalumu. Kwa hiyo udanganyifu unaweza kuwa wa thamani, wa uzito, wa nchi ya asili, au wa aina ya bidhaa ili iangukie kiwango cha chini. Ukiona nauli ya meli ni kubwa kuliko bei ya mzigo wenyewe, usikimbilie kuandika neno udanganyifu. Itafute mizani ya Mariakani, itafute bima, waulize wenye meli uzito waliouandika wakati wa kupakia. Hati tatu zikisema tani 22 na moja ikasema 9, sasa una jambo la kumwuliza mtu.

Mizigo ya kupitia nayo ina hila zake. Shehena hutangazwa kwamba inakwenda Uganda au Sudan Kusini, haitozwi kodi ya Kenya, kisha inashushwa njiani na kuuzwa humu humu. Malori hayo hufuatiliwa kwa kufuli za kielektroniki, na rekodi ya kufuli ni shahidi asiyesahau: inaonyesha lori lilisimama wapi, saa ngapi na kwa muda gani. Hata hivyo kusimama si kosa. Dereva hulala, tairi hupasuka. Kazi yako ni kuonyesha kilichotokea mahali pale, na hilo hutalipata ukikaa ofisini.

Nje ya bandari, utakachokutana nacho mara nyingi ni ankara hewa. Kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kila mtu huiita VAT, ni asilimia 16, na mfanyabiashara hudai kupunguziwa kodi aliyolipa kwenye manunuzi yake. Basi ankara ya uongo ya Sh 11,600,000 ina VAT ya Sh 1,600,000 ambayo anajipunguzia bila kuwa ameilipa popote. Tena zile Sh milioni 10 zilizobaki anazihesabu kuwa gharama, na kwa kiwango cha kodi ya kampuni cha asilimia 30 anaokoa Sh milioni 3 nyingine. Karatasi moja, Sh milioni 4.6. Aliyemwuzia ankara hiyo ni kampuni isiyo na ghala, wala wafanyakazi, wala simu inayopokelewa, na hufungwa kabla hujafika mlangoni pake. Mfumo wa eTIMS wa kutoa ankara kwa njia ya kielektroniki, ulioanza mwaka 2023, umewabana wauzaji wa ankara kwa kuwa kila ankara hupitia KRA yenyewe, lakini mfumo unaona ankara, hauoni bidhaa.

Nitaeleza kisa kimoja bila kuitaja kampuni. Ilidai kununua nondo mara 40 kutoka kwa muuzaji wa Changamwe na kuzipeleka kwenye jengo lililokuwa likipanda Nyali. Ankara zilikuwa safi, na hati za kupokelea mzigo zilikuwa na sahihi na namba za malori. Nilizipeleka namba hizo kwenye kumbukumbu za usajili wa magari: moja ilikuwa ya bodaboda, moja ya gari dogo, nyingine ya basi. Nilifurahi mno siku ile, na mkubwa wangu akanipoza. Alisema, wakili atadai karani alikosea kuandika namba, basi nenda kule ziliposhushwa. Nikaenda. Langoni nilimkuta mzee mmoja bawabu, mtu wa Kwale, ana daftari la kurasa 200 lililochakaa pembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu kivulini."

Nilimweleza kazi yangu na kumwonyesha kitambulisho. Alilifungua daftari lake juu ya mapaja, akalamba kidole, akaanza kulifunua ukurasa mmoja mmoja. Mchanga, kokoto, saruji, maji, mchanga. Kila lori lina namba, saa ya kuingia na saa ya kutoka, kwa mwandiko wa penseli. Tarehe 40 zilizokuwa kwenye ankara nilikuwa nimezinakili, tukazitafuta zote. Nondo ziliingia mara 6 tu, tena kutoka kwa muuzaji mwingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la mzee yule, ambalo hakuna mhasibu aliyejua kwamba lipo, ndilo lililoibeba kesi nzima, kwa sababu aliliandika bila kujua kwamba kuna siku litaulizwa.

Pale ambapo hakuna vitabu kabisa, tumia njia ya kupima ongezeko la mali. Tuseme mfanyabiashara alikuwa na mali halisi, baada ya kuondoa madeni, ya Sh milioni 8 mwanzoni mwa mwaka 2021, na mwishoni mwa 2023 ana Sh milioni 41. Ongezeko ni Sh milioni 33. Ongeza matumizi yake ya maisha katika miaka hiyo mitatu, karo, kodi ya nyumba, safari na arusi, tuseme Sh milioni 9, unapata Sh milioni 42. Alitangaza mapato ya Sh milioni 6, na ameonyesha hati za urithi wa Sh milioni 4. Zinabaki Sh milioni 32 zisizo na maelezo. Njia hii ni kali lakini ina mguu dhaifu, nao ni ile tarakimu ya kwanza. Usipothibitisha kwamba mwaka 2021 hakuwa na fedha alizoziweka nyumbani, utetezi wote utajengwa juu ya sanduku la fedha aliloachiwa na bibi yake, na wewe huna la kusema.

Sheria ya kuchukua, kutunza na kuonyesha

Ushahidi mzuri uliochukuliwa vibaya hauna faida. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na kwa hesabu za benki utahitaji kibali cha korti chini ya kifungu cha 180 cha Sheria ya Ushahidi. Hati ya kiapo unayomwekea hakimu ili akupe kibali itasomwa tena na wakili wa utetezi miezi mingi baadaye, neno kwa neno, kwa hiyo usiandike humo jambo unalolidhania tu. Chochote kilichotoka kwenye kompyuta au simu, kiwe jedwali la mauzo au ujumbe wa WhatsApp, kinahitaji cheti cha kifungu cha 106B cha sheria hiyohiyo, na anayekitia sahihi awe ni mtu anayeweza kusimama kizimbani na kueleza mashine ilivyofanya kazi.

Nililipa ada ya somo hili mwenyewe. Katika kesi yangu ya mwanzo tulichukua kompyuta mbili, na kwenye orodha ya mali nikaandika "kompyuta mbili, nyeusi", bila namba zake za utambulisho, kisha nikazifungia katika kabati ambalo funguo zake walikuwa nazo watu watatu. Miezi 14 baadaye wakili aliniuliza swali moja: "Afisa, unajuaje kwamba hii ndiyo ile?" Niliitazama kompyuta, nikamtazama hakimu, na jibu sikuwa nalo. Kazi ya mwaka mzima ilianguka kwa sababu ya mstari mmoja ambao ungenichukua dakika mbili kuuandika. Tangu siku hiyo kila kielelezo changu kina namba, kina picha, kina jina la aliyekichukua, na kila kinapohama mkono kinaandikwa saa na sahihi.

Kumbuka pia kwamba kushtaki si uamuzi wako. Kifungu cha 157 cha Katiba kinampa mamlaka hayo Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, naye anaweza kulirudisha jalada lako na orodha ndefu ya mapengo. Vijana hulichukulia jambo hilo kama tusi. Lichukue kama mazoezi ya bure kabla ya kukutana na wakili anayelipwa kukuangusha.

Mahojiano ninaweza kuyaeleza kwa ufupi. Mtu akishakuwa mshukiwa, mwambie haki zake kabla ya swali la kwanza. Mwite kwa heshima ya umri wake, mama, mzee, bwana, kwani dharau humfunga mtu mdomo na kumfungua wakili wake. Anza na maswali ambayo majibu yake unayo. Na anaponyamaza, nyamaza nawe. Wapelelezi wengi hujijibia maswali yao wenyewe.

Kutoka afisa hadi mwandamizi

Uandamizi hauji kwa miaka pekee. Afisa hufuata kesi aliyopewa, lakini mwandamizi huamua kesi ipi ifuatwe, na ipi irudishwe kwa wakaguzi ikusanyiwe kodi yake tu, na hilo la pili ndilo gumu zaidi. Nimewahi kulifunga jalada la mfanyabiashara niliyeamini moyoni kwamba ni mwizi, kwa sababu ushahidi wa nia ulikuwa ni maneno ya mhasibu mmoja aliyefukuzwa kazi, na mhasibu huyo alikuwa na kisa chake na bosi wake. Kodi ililipwa pamoja na riba. Wenzangu walinung'unika, na hadi leo sijutii.

Jipatie ujuzi ambao ofisi haina. Cheti cha mchunguzi wa udanganyifu, CFE, kinaheshimika duniani kote. Huko Nairobi kuna chuo cha mafunzo ya upelelezi wa kodi na uhalifu wa kifedha kwa Afrika nzima, kilichoanzishwa mwaka 2017 kwa ushirikiano wa Kenya na OECD, shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, ambako utakaa darasani na wapelelezi wa nchi nyingine. Mahusiano utakayoyapata huko yana thamani, kwa kuwa fedha zilizokwepwa Mombasa mara nyingi zimelala Dubai au penginepo. Kenya imo katika mkataba wa kimataifa wa kusaidiana katika masuala ya kodi, lakini ombi lililoandikwa ovyo litajibiwa ovyo, au litakaa mwaka mzima bila jibu. Jifunze vilevile kufanya kazi na Kituo cha Ripoti za Kifedha na wakala wa kurejesha mali zilizopatikana kwa uhalifu, maana chini ya sheria ya mwaka 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha, kuzuia mali mapema kunaweza kuwa na maana kuliko hukumu itakayochelewa miaka.

Mwandamizi pia ni msomaji wa kazi za wengine. Nilikuwa nikilichukua jalada la afisa mdogo na kumpa karani wa mapokezi alisome muhtasari wake. Karani akiuliza "hii maana yake nini?", jalada linarudi.

Mji ni mdogo

Shida moja ya Mombasa haimo katika kitabu chochote cha mafunzo. Mji huu watu wanajuana. Wakala wa forodha unayemchunguza ni binamu wa mke wa jirani yako, mwenye ghala ni mtu mnayesali naye Ijumaa, na siku ya arusi mtakaa mkeka mmoja mkila pilau sinia moja. Mara nyingi hutasikia neno rushwa. Utamsikia ami yako akikupigia simu jioni na kusema kwa upole, "Mwanangu, yule bwana ni mtu wetu, hebu mtazameni kwa jicho la huruma." Utaletewa mbuzi wa Idi asiyekuwa na jina la mpelekaji.

Namna ya kujikinga ni ya kiofisi, haina ushujaa wowote. Siku ileile unapogundua unahusiana na mshukiwa, mwandikie mkubwa wako barua, uombe kuondolewa kwenye jalada hilo, na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Zawadi irudishwe na irekodiwe. Tamko lako la mali, linalotolewa kila baada ya miaka miwili, lijaze kwa ukamilifu uleule unaoutaka kwa walipakodi. Kuhusu ami, mjibu kwa adabu kwamba jambo hilo liko kwenye maandishi na si mikononi mwako, na uhakikishe kwamba maneno hayo ni kweli.

Kama bado hujaingia kazini na unataka kujua iwapo kazi hii itakufaa, huhitaji kibali cha mtu yeyote. Kesi za jinai husikilizwa hadharani. Nenda katika mahakama za Mombasa asubuhi, itazame orodha ya kesi, uitafute ya kodi, ya forodha au hata ya ulaghai wa kawaida, na ukae nyuma kimya, simu umeizima. Usimsikilize wakili anapohutubu. Msikilize shahidi wa serikali anapohojiwa na utetezi, na uandike kila swali aliloshindwa kulijibu. Kisha ukirudi nyumbani, kwa kila swali, jiulize ni hati gani ingelijibu, na ingepatikana kwa nani.